Umeme wa Mgodi na Umeme wa Nyumba Yako

Leo siku ya kupima watoto tunataka kufundishana juu ya umeme. Pengine mama mmoja atasema: "Mama muuguzi, miye nilikuja juu ya chanjo na juu ya uji wa mtoto. Umeme ni kazi ya wanaume." Ngoja kidogo, mama. Nani anawasha resho asubuhi? Nani anapiga pasi nguo za masomo? Nani anabaki nyumbani na mtoto anayetambaa, wakati bwana yuko kazini? Ni weye. Basi umeme unakuhusu weye kuliko bwana.

Lakini tutaanza mbali na nyumba, chini ya udongo, kule wanakoshuka mabwana na vijana wa wengi wenu. Utaona juu ya nini.

Kipushi iko karibu kilomita 30 tu kutoka hapa Lubumbashi. Mgodi wake ulianza mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ulianza tena kutoa zinki. Mashimo yake yanashuka zaidi ya mita 1,000. Chini kule maji hayakosekani, yanatoka katika mawe mchana na usiku, na pampu za umeme ndizo zinayapandisha juu. Mwaka 2011 pampu zilishindwa, na maji yalijaza sehemu ya chini ya mgodi. Basi fikiri, mama: bwana amesimama katika matope na giza, na karibu naye kunapita kabo nene inayolisha mashini ya kutoboa mwamba. Mashini za namna ile ulimwenguni zinatumia mara nyingi volti 400 mpaka 1,000. Prizi ya nyumba yako ina volti 220 tu. Lakini jioni bwana anarudi nyumbani mzima.

Kumbe umeme wa mgodi umewekewa walinzi. Umeme wa nyumba nyingi za Lubumbashi hauna mlinzi wa kutosha. Hilo ndilo somo la leo.

Walinzi wale hawakuja bure. Mwaka 1913, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd, kule Wales, gesi ililipuka na wachimbaji 439 wakafa. Inadhaniwa kwamba kilichowasha gesi ilikuwa cheche ndogo ya kengele ya umeme, yaani kidude cha kuita watu tu. Kiisha wataalamu wakajifunza kutengeneza kengele ambazo cheche zake ni dhaifu mno, haziwezi kuwasha gesi. Migodi yetu ya shaba na zinki haisumbuliwi na gesi ile kama migodi ya makaa. Lakini jambo ni lilelile: kila kidude cha kulinda kilichofungwa juu ya mashini, nyuma yake kuna makaburi.

Sasa tuwatazame walinzi mmoja mmoja. Muulize bwana yako jioni kama nimesema uongo.

Wa kwanza ni kifungo chekundu, kikubwa kama kichwa cha uyoga, juu ya bamba la manjano. Mtu yeyote akiona hatari anakipiga kwa kiganja na mashini inasimama. Hahitaji ruhusa ya kapita. Nyumbani kifungo chako ni ile swichi kubwa karibu na kontere, pale umeme unapoingia. Je, unaijua iko wapi? Unaweza kuifikia, ao imewekwa juu sana, ao imefunikwa na kabati? Mtoto mkubwa wa miaka kumi, anajua kuishusha? Leo ukirudi, mwonyeshe. Maneno yanatosha pale.

Wa pili ni kufuli. Watu wakitaka kutengeneza mashini, hawatoshi kuzima tu. Wanazima, kiisha kila mtu anafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe lenye jina lake, na ufunguo anauweka mfukoni. Watu wanane, makufuli manane. Hata wa saba wakimaliza kazi na kuondoa yao, mashini haiwezi kuwaka mpaka wa nane atoke na kufungua lake. Hakuna anayefungua kufuli la mwenzake. Ni akili nzuri sana. Mtu akiwa ndani ya mashini, uhai wake uko katika mfuko wake mwenyewe, hauko katika kumbukumbu ya mtu mwingine.

Na nyumbani? Bwana anapanda juu ya kiti kubadilisha waya. Amezima dijonta, ile swichi ya ukutani inayoanguka yenyewe umeme ukizidi. Mtoto anatoka kucheza, anaona giza, anasema "Kuran imeanguka!" na anaipandisha. Vile tu. Mama, kama nyumba yenu ina fuzi za kutoa, bwana akipanda kiti, toa fuzi na uifunge katika pembe ya kikwembe chako. Usiifungue mpaka bwana ashuke na kusema mwenyewe amemaliza. Kama ni dijonta isiyotolewa, shusha swichi na umweke mtu mkubwa mmoja kusimama mbele yake, asitoke hata akiitwa. Pembe ya kikwembe ni kufuli lako.

Wa tatu anaitwa na mafundi kwa maneno marefu, lakini kazi yake ni nyepesi kueleza. Kule mgodini umeme ukikatika na kurudi, mashini haianzi yenyewe. Inabaki kimya mpaka mtu aje, atazame kwamba hakuna mwenzake mbele ya meno yake, na kuiwasha kwa mkono. Juu ya nini? Kwa sababu wakati umeme umekatika, watu wanasahau kwamba mashini iko "imewashwa". Wanaikaribia, wanaigusa.

Hapa mama wa Lubumbashi anaelewa mbele ya wengine wote, kwa sababu sisi delestaji tunaijua. Uko unapika fufu kwa resho, ama unapiga pasi. Kuran inaenda. Unangoja, unachoka, unawasha makala katika mbabula, unapika pale nje. Pasi umeiacha juu ya shuka. Resho iko imebaki wazi, na pengine mtoto ameweka juu yake sahani ya plastiki. Usiku wa manane, ninyi wote mumelala, SNEL inarudisha umeme. Resho yako haina akili ya mashini ya mgodi. Haingoji mtu. Inawaka yenyewe, inakuwa nyekundu, na hakuna anayeiona.

Kwa hiyo weye mwenyewe uwe mlinzi huyo. Kuran ikienda, mbele ya kutafuta mshumaa, chomoa resho, chomoa pasi. Kuchomoa, si kuzima tu, kwa maana gizani hujui kama swichi iko juu ama chini. Acha ampuli moja tu ikiwa imewashwa, ndiyo itakuambia kwamba kuran imerudi. Fanya hivyo kila mara, hata kama unafikiri itarudi baada ya dakika tano.

Wa nne ni waya ya udongo. Mashini yote ya chuma imefungwa kwa waya inayokwenda mpaka ardhini. Kama waya ya ndani imechubuka na kugusa chuma, umeme unapata njia ya kwenda ardhini bila kupita katika mwili wa mtu. Lakini waya hiyo inaweza kukatika ndani ya kabo, maana kabo inavutwa juu ya mawe siku nzima, na kwa macho hakuna anayeona. Basi wataalamu wameweka ndani ya kabo waya nyingine ndogo inayotembeza umeme kidogo sana kwenda na kurudi kwa njia ya waya ya udongo. Kazi yake ni kuuliza kila wakati: "Uko? Uko? Uko?" Siku waya ya udongo haijibu, mashini inazimwa palepale. Miye hicho kinanifurahisha kuliko vingine vyote. Ni sawa mama mwenye mtoto mgonjwa, anamgusa usiku kila mara kusikia kama anapumua.

Nyumbani, tazama prizi yako. Kama imetengenezwa vizuri, ina pahali pa tatu pa waya ya udongo. Lakini nyuma ya ukuta, waya ile ya tatu inakwenda wapi? Katika nyumba nyingi za kata zetu haiendi pahali popote, fundi ameikata. Pengine ilikwenda mpaka kwenye chuma cha shaba kilichopigwa katika ardhi, na shaba, mnajua wenyewe, inaibwa ili iuzwe. Tena hata kama iko, katika kiangazi chetu kirefu ardhi inakauka sana na haipokei umeme vizuri. Na hakuna waya ndogo ya kuuliza "Uko?" Ndiyo maana unagusa frigo, ama sufuria juu ya resho, na unasikia vidole vinawashwa kama vinang'atwa na siafu. Wengi wanacheka: "Frigo yetu iko inapiga." Hiyo si kicheko, mama. Frigo inakuambia kwamba ndani yake kuna waya iliyochubuka na waya ya udongo haipo. Leo umevaa sapatu na mikono ni mikavu. Kesho umetoka kufua, miguu iko tupu juu ya sima yenye maji.

Sasa tunafika kwa mlinzi wa tano, na hapa ninaomba kila mmoja asikilize, hata wale walio na mtoto anayelia.

Watu wengi wanafikiri: "Sisi tuko na dijonta, mtoto akishika waya, dijonta itaanguka." Si kweli. Dijonta ya kawaida imewekwa kwa kulinda waya isiungue. Haikuwekwa kwa kulinda mtoto. Tuhesabu pamoja. Umeme unaopita katika waya unapimwa kwa ampea. Ampea moja ni miliampea 1,000. Dijonta ndogo ya nyumba inaangushwa umeme ukizidi ampea 10 ao 16, yaani miliampea 16,000. Ampuli moja ya zamani ya wati 60 inakunywa karibu miliampea 270. Na mtu je? Miliampea 10 tu zikipita katika mkono, misuli inakamata, mtu mkubwa anaweza kushindwa kuachilia waya. Miliampea 30 zikikaa kifuani muda, kupumua na moyo viko katika hatari. Mtu mwenye mwili uliolowa, akiguswa na volti 220, zinaweza kupita miliampea 200 na zaidi. Moyo hausukumi damu tena, unatetemeka tu.

Umeona? Umeme unaoua mtoto ni mdogo kuliko ule wa ampuli moja. Kwa dijonta ya kawaida, mtoto anayekufa ni sawa ampuli moja zaidi imewashwa katika nyumba. Haitaanguka.

Mlinzi wa tano ndiye anayejua tofauti. Anaitwa dijonta diferansieli. Anapima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Vikilingana, ni vyema. Kikikosekana kidogo katika kurudi, anajua kwamba kuna pahali kinapotoroka, labda kwa mwili wa mtu, na anakata mbele moyo haujaharibika. Ile inayolinda watu nyumbani inakata kwa miliampea 30.

Na historia yake inatuhusu sisi wanawake. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, mitambo ya zamani ya kutambua umeme unaotoroka ilikuwa mizito, ilingoja karibu ampea 10. Mwaka 1955 mhandisi mmoja, Henri Rubin, akaleta ile ya miliampea 250 kwa ajili ya migodi, na mwaka 1956 akatengeneza nyingine yenye akili zaidi, ya miliampea chini ya 20. Karibu na wakati ule, katika kijiji cha wafanyakazi wa mgodi wa Stilfontein, mwanamke mmoja aliuawa na umeme. Hakufa chini ya ardhi. Alikufa nyumbani mwake. Baada ya kifo chake, katika miaka ya 1957 na 1958, vidude vya namna ile, vya miliampea 20, viliwekwa mia kadhaa katika nyumba za kijiji kile.

Ninapofundisha wanafunzi wetu wa uuguzi, ninasimama hapo. Mume alikuwa analindwa chini, mke alikuwa halindwi juu. Ilihitaji mtu kufa ili mlinzi apandishwe kutoka shimoni mpaka jikoni. Sasa ni zaidi ya miaka 60, na jikoni nyingi za Lubumbashi bado zinangoja.

Kwa hiyo, mama, bwana akitoka na mshahara na mkiketi kuhesabu, sema neno la diferansieli. Usiseme kwa ugomvi. Mwulize kwanza: "Baba, kule mgodini mashini inalindwa namna gani?" Mwache aeleze, wanaume wanapenda kueleza kazi yao. Kiisha mwulize: "Na hapa kwetu?" Kidude hiki kimoja mwanzoni mwa nyumba kina faida kuliko redio kubwa. Kinunuliwe pahali pa kuaminiwa, kifungwe na fundi anayejua. Kina kifungo kidogo chenye herufi T. Mara moja kila mwezi ukikibonyeza wakati umeme uko, lazima kianguke. Kisipoanguka, kimekufa, mwite fundi. Na kama kinaanguka kila mara, hapana kumwacha fundi wa mtaa akiruke kwa waya ili "kisisumbue tena". Hicho hakisumbui, kinasema. Atafute waya inayotoroka.

Mlinzi huyo ana mpaka wake. Hawezi kitu juu ya nyaya kubwa za njiani. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala kule Kinshasa, mvua ilikuwa imenyesha, kabo ya umeme mkubwa ikakatika na kuangukia pale watu waliposimama katika maji. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama wanaouza na kununua. Ukiona kabo imeanguka, hapana kugusa, hapana kukaribia, hata kama haitoi cheche. Kaeni mbali mita 10 na zaidi, zuieni watoto, mwiteni mtu wa SNEL. Kama imeanguka karibu nawe, usikimbie kwa hatua ndefu. Unganisha miguu na uivute polepole juu ya udongo bila kuiachanisha, maana ardhi yenyewe ina umeme, na hatua ndefu inaupitisha kutoka mguu mpaka mguu.

Basi mtoto akishikwa na umeme nyumbani, utafanya nini?

Moyo wa mama unataka kumrukia na kumvuta. Hapana kumgusa! Ukimgusa utashikwa naye, na tutazika wawili. Kimbia kwa swichi kubwa, shusha. Kama haifikiki, simama juu ya ubao mkavu ama kiti cha plastiki, na usukume waya mbali naye kwa muti wa ufagio uliokauka. Chuma hapana, muti mbichi hapana.

Akitoka, usimmwagie maji, usimfukie katika udongo, usimpe maziwa. Watu watakuja na mashauri hayo, na dakika zitapita. Mtazame: anapumua? Kama hapumui na hajibu, mlaze chali juu ya pahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua chake, kandamiza kwa nguvu na haraka mara 30, kifua kishuke theluthi ya unene wake, hesabu karibu mbili kila sekunde. Kwa mtoto mchanga tumia vidole gumba viwili. Kiisha inua kidevu chake, pulizia pumzi mbili, ndogo kwa mtoto mchanga, na uone kifua kinapanda. Rudia, 30 na mbili, na mtu mwingine atafute gari. Usiache mpaka apumue ama mfike. Moyo uliosimamishwa na umeme mara nyingi ni moyo mzima, unaweza kurudi kama damu imesukumwa bila kukawia.

Kama anapumua na ana kidonda cha moto, kitie chini ya maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno hapana, mafuta hapana, unga hapana. Mlete lopitali hata kama kidonda ni kidogo kama mbegu ya haragi, kwa sababu umeme unaunguza ndani kuliko juu. Tuambie uliingia wapi na ulitoka wapi. Tazama mkojo wake. Ukiwa mweusi kama chai kavu, rudi upesi, mafigo yako hatarini. Na mama mwenye mimba aliyepigwa na umeme, hata kidogo, hata kama anajisikia mzima, aje siku ileile tusikilize moyo wa mtoto wa tumboni.

Kuna jambo moja zaidi, kwa wale wenye watoto wa mwaka mmoja na miwili wanaotia kila kitu kinywani. Mtoto akitafuna waya ya ralonji, anaungua kwenye pembe ya mdomo. Siku za kwanza utaona alama nyeupe ama ya kijivu, damu haitoki, na utasema ni kitu kidogo. Lakini baada ya siku tano mpaka kumi, ama hata wiki mbili, ganda linaanguka, na chini yake kuna mshipa wa damu. Damu inaweza kuruka kwa nguvu, hata usiku. Ikitokea, shika mdomo wake kwa vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje, bana sana, na uje hivyohivyo mpaka mlango wa lopitali bila kuachilia.